Peters wa sinema na Peters wa mahakamani

Juma lililopita mwalimu mmoja wa historia wa hapa Moshi alinisimamisha karibu na stendi akaniuliza kama ni halali kuwaonyesha wanafunzi sinema ya uongo. Alikuwa na maana ya sinema ya Kijerumani ya mwaka 1941 iitwayo Carl Peters. Aliogopa vijana wataiamini, maana mtu akishaona kitu kwa macho yake ni vigumu kumwambia hakikuwapo. Nilimjibu aionyeshe, ila asiionyeshe peke yake.

Carl Peters ndiye yule tuliyemsoma shuleni, mtu wa mikataba ya ulaghai ya mwaka 1884 huko Usagara na Uzigua. Wengi wetu tuliishia hapo. Mwaka 1891 alirudi akiwa Kamishna wa Serikali ya Kaisari katika Kilimanjaro, akaweka boma lake Marangu, nchi ya Mangi Marealle. Oktoba mwaka huo aliamuru mtumishi aitwaye Mabruk anyongwe. Januari 1892 akamnyonga Jagodja, mmoja wa wanawake waliowekwa bomani, ambaye alikuwa ametoroka, akakamatwa na kuchapwa viboko. Peters alitaja wizi kwa yule kijana na njama kwa yule mwanamke. Habari zilizofika Ulaya zilisema kisa kilikuwa wivu: kijana alikuwa amelala na wanawake wa bwana mkubwa.

Machi 1896 August Bebel, mbunge wa Wasoshalisti, alisimama katika Bunge la Ujerumani akalitoboa jambo hilo. Akataja barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia Askofu Tucker wa Kianglikana, akijitetea kwamba alimwoa mwanamke yule kwa mila ya Kiafrika na kwa mila hiyo alikuwa na haki ya kumwua kwa uzinzi. Bunge lilichafuka. Baadaye ikaonekana kwamba barua hiyo haikuwapo kabisa!

Wapenzi wa Peters walishangilia, na hata leo wapo wanaoishika barua hiyo kama ngao. Lakini karatasi ya uongo haikuwafufua Mabruk na Jagodja. Peters mwenyewe hakukana kwamba aliamuru wanyongwe. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya Wajerumani wenzake ilimfukuza kazi, na miongoni mwa makosa yake ilikuwa kuwapa wakubwa wake taarifa zisizo za kweli. Kwa hiyo hata ripoti yenye mhuri, iliyoandikwa na aliyekuwapo siku ile ile, inaweza kuwa uongo. Hilo mwalimu alitilie mkazo kuliko tarehe zote.

Mwaka 1937 Hitler akamrudishia Peters heshima, ingawa alikuwa amekwisha kufa tangu 1918. Ndipo ikaja sinema. Mwongozaji alikuwa Herbert Selpin, na Peters akachezwa na Hans Albers, nyota mkubwa wa wakati ule. Haikupigwa Kilimanjaro, kwani Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza na vita vilikuwa vimepamba moto. Peters wa sinema ni shujaa anayeandamwa na wanasiasa waoga.

Sasa mwambie mwanafunzi asimtazame Albers. Amtazame Mwafrika anayecheza kama Ramasan, msaidizi wa Peters. Huyo ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye mwenyewe askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Alikwenda Ujerumani mwaka 1929, akafanya kazi ya kuhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili Berlin, akapata vijisehemu katika sinema. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe. Hakupelekwa mahakamani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Basi sinema iliyodanganya juu ya Marangu imetuhifadhia sura ya Mswahili huyu, na hilo waliolipia utengenezaji wake hawakulikusudia. Mwaka 2013 Mjerumani Eva Knopf alikusanya vipande kama hivyo akatengeneza filamu kuhusu maisha yake, Majubs Reise. Mwalimu akiipata, aionyeshe siku ya pili.

Katika majalada yote hayo sauti ya Jagodja haimo. Hata jina lake Wajerumani waliliandika namna mbili, Jagodja na Jagodjo. Mwalimu anafikiria kuwapeleka vijana Marangu wakawaulize wazee kama kuna ukoo unaomkumbuka. Nimemwazima kinasa sauti changu.