Waliotoka Kabla ya Siku Zao

Leo twaanza habari za watu walioshikwa na afyuni, na jinsi walivyotafuta kuiacha kwa dawa za miti. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: afyuni, kiapo, uraibu. Uraibu ni hali ya mwili kukizoea kilevi hata mtu asiweze kukaa bila kukitumia.

Katika nchi ya Thailand, afyuni ilivutwa kwa ruhusa ya serikali miaka mingi, tena serikali yenyewe ilipata fedha kwayo. Mwaka 1959 serikali ya Sarit Thanarat ikaipiga marufuku. Nyumba za kuvutia zikafungwa, na viko vikachomwa moto hadharani mjini Bangkok. Lakini amri hufunga milango tu. Haiponyi mwili wa mtu. Wavutaji wengi wakahamia kwenye heroini, ambayo ni kali zaidi.

Mwaka uo huo watawa wa Kibudha wa hekalu la Tham Krabok, katika jimbo la Saraburi, kaskazini ya Bangkok, walianza kupokea wagonjwa. Aliyejulikana sana kati yao ni Phra Chamroon Parnchand, ambaye kabla ya utawa alikuwa askari polisi. Jambo la kwanza hapo halikuwa dawa. Mgonjwa aliapa kwanza kwamba hatagusa kilevi tena. Kisha aliweka nguo na fedha zake, akavaa nguo za hekalu. Kwa siku 5 alikunywa dawa chungu ya mimea, akashushia maji mengi, akapiga magoti mbele ya mfereji pamoja na wenzake, akatapika, huku wengine wakiwapigia ngoma na kuwaimbia. Baadaye alijifukiza mvuke wa majani. Muda wote ulikuwa siku 10 hivi. (Mtu asijaribu mambo haya nyumbani, kutapika sana huweza kuua.) Mwaka 1975 Phra Chamroon alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi hiyo.

Mbona siku 10? Mwenye uraibu wa afyuni akiikosa, viungo humuuma, huharisha, wala hapati usingizi. Maumivu huwa makali siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa juma moja hivi. Basi hapo ndipo mtu hutaka kutoroka. Kiapo kilikuwa kamba ya kumshikilia mpaka mawimbi yapite. Tena iliwekwa sheria kwamba mtu hutibiwa mara moja tu, hana nafasi ya pili. Naielewa sheria hiyo, lakini siipendi. Watu wengi huanguka mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa, na aliyeanguka ndiye mwenye haja na mlango ulio wazi.

Sasa tuvuke bahari mpaka Peru, ambako shida ile ile ya kutoroka ilionekana kwa namna nyingine. Mwaka 1992 daktari Mfaransa, Jacques Mabit, alianzisha nyumba ya tiba iitwayo Takiwasi katika mji wa Tarapoto, karibu na msitu wa Amazon. Huko pia hutumika mimea ya kutapisha, na kinywaji cha ayahuasca kama waganga wa msitu walivyozoea, na siku za kukaa peke yako kibandani kwa chakula kisicho na chumvi. Lakini muda wake ni miezi 9 hivi. Miezi 9 bila watoto wako, bila mshahara! Wagonjwa wengi walikuwa wavuta kokaini ghafi, na kokaini haivunji viungo kama afyuni. Huacha huzuni na uchu unaorudi rudi. Wengi huondoka kabla ya muda wao.

Sasa chukueni kalamu, tupige hesabu. Hii ni ya mfano tu. Watu 100 waliingia katika nyumba ya tiba. Watu 60 wakatoka mapema. Katika 40 waliobaki, 30 waliacha kilevi. Mwenye nyumba aweza kusema, "Dawa yangu huponya watu 30 katika 40," yaani robo tatu. Je, wale 60 wako wapi? Ukiwahesabu wote walioingia, ni 30 katika 100, hata theluthi haifiki.

Nao 60 si watu wa kusahauliwa. Aliyekaa siku kadhaa bila afyuni au heroini, mwili wake umepoteza mazoea. Akitoka, akarudia kipimo chake cha zamani, aweza kufa usiku ule ule. Kwa hiyo jamaa wa mgonjwa wapaswa kupata habari siku ile ile anapoondoka.

Maswali ya darasa: Ukiambiwa dawa fulani imeponya watu wengi, utauliza hesabu gani? Je, mgonjwa aliyetoroka akirudi, apokelewe?

Kwaherini mpaka juma lijalo.