Joto la kaskazi na maleleji: namna ya kuipoza nyumba bila kumaliza tokeni

Kila mwaka, kuanzia Disemba hadi Aprili, sisi watu wa mwambao hurudi kwenye mazungumzo yale yale. Kaskazi inapovuma vizuri, Disemba na Januari, mtu hupata afueni kidogo. Kazi huwa Machi, wakati wa maleleji, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, nyumba zimekuwa tanuri. Mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku joto halishuki sana chini ya 24. Kinachotumaliza zaidi ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki. Na miaka hii Ramadhani imeangukia papo hapo kwenye harara, kwa hivyo aliyefunga, mzee wa presha na mtoto mchanga wote wanaumia ndani ya chumba kimoja.

Wengi wetu jibu letu la kwanza ni kununua kiyoyozi. Simkatazi mwenye uwezo. Lakini kabla ya kufika huko, yapo mambo ambayo yanagharimu kidogo au hayagharimu kitu, na nimeona niyaweke hapa kwa mpangilio, msomaji achague linalomfaa.

Anza na hesabu

Feni ya dari hula wati 60 hadi 75. Tuseme 70. Ukiiwasha saa 10 kila usiku, ni yuniti 0.7 kwa usiku, yaani yuniti 21 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hula karibu wati 1,000 mtambo wake unapofanya kazi. Ukikiwasha saa 8 na mtambo ukafanya kazi saa 6 kati ya hizo, ni yuniti 6 kwa usiku, yuniti 180 kwa mwezi. Kwa kurahisisha, tufanye yuniti ni shilingi 30: feni ni shilingi 630 kwa mwezi, kiyoyozi ni 5,400. Karibu mara tisa.

Tena kuna jambo ambalo wanunuzi wa tokeni huwa hawaliangalii. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya majumbani imegawanywa kwa madaraja: wanaotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Ukipanda daraja, bei ya yuniti nayo inapanda. Kiyoyozi kimoja peke yake kinatosha kukuvusha hadi daraja la juu.

Jua linaingilia juu

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi jua la adhuhuri linapita juu ya utosi. Maana yake, kinachopigwa zaidi ni paa, kisha ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi alasiri. Kuta za kaskazini na kusini hazipati sana. Kwa hivyo shilingi yako ya kwanza iende kwenye paa.

Makuti yanapoza kwa sababu ni mazito na yanapitisha hewa. Mabati hayana sifa hizo, na yale ya rangi nzito, nyekundu au kijani kibichi, yanameza jua zaidi. Dawa yake ni rangi nyeupe ya paa. Chagua iliyotengenezwa kwa mabati; chokaa ni nzuri kwa ukuta lakini juu ya mabati mvua ya kwanza itaiondoa. Ikiwa unakinga maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani, mwulize muuzaji rangi inayofaa kwa hilo.

Mimi napanga nyumba ya mabati Kisauni. Sisi wapangaji wa ploti ile tulichanga pesa za rangi, mwenye nyumba akatoa fundi. Sijapima kwa kipimo chochote, lakini saa nane mchana sasa chumbani watoto wanalala, na zamani walikuwa wakikimbilia chini ya mwembe wa jirani.

La pili ni dari. Hata ubao mwembamba chini ya mabati unazuia joto lisikushukie moja kwa moja, lakini acha vitundu vya hewa kwenye pembe za paa ili hewa moto ipate pa kutokea. Dari iliyozibwa kila upande inahifadhi joto mpaka usiku.

Wanaokaa ghorofa ya juu kabisa wana shida yao: zege inameza jua mchana kutwa na kulitema usiku. Hapo paka nyeupe, au fanya kama wafanyavyo Lamu, wajenge kipaa cha makuti juu ya sakafu ya paa. Unapata kivuli, na unapata pa kupumzika magharibi.

Tulichokiacha

Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale zilijengwa na watu waliolijua joto hili. Kuta nene za matumbawe na chokaa huchelewesha joto kuingia. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Katikati kuna kiwanda cha wazi, hewa moto inapanda na kutoka. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida nayo ina ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku. Ukifungua milango yote miwili, upepo unapita.

Leo tunajenga fleti kama za Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari ambako watu Julai huvaa masweta. Dirisha kubwa la kioo linatazama magharibi, chumba hakina dirisha la pili, kisha mpangaji anaambiwa anunue kiyoyozi. Kwa maoni yangu, huko ni kumhamishia mpangaji gharama ya mjenzi. Unayejenga sasa, elekeza madirisha upande wa kaskazini mashariki inakotoka kaskazi na upande wa kusini inakotoka kusi, na kila chumba kipate matundu mawili yanayotazamana au kupishana.

Mpangaji afanye nini

Mchana jua likipiga dirisha, lizuie nje kabla halijapita kioo: kwa jamvi, turubai au kibaraza cha makuti. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa sababu joto limeshaingia. Jioni nje kukipoa, fungua kila kitu, na weka wavu wa mbu dirishani ili usilazimike kuchagua kati ya joto na malaria.

Feni haipozi hewa. Inampoza mtu kwa kukausha jasho lake. Kwa hivyo feni inayozunguka katika chumba kitupu ni israfu. Usiku, feni ya kusimama ukiiweka karibu na dirisha itavuta hewa ya nje iliyopoa.

Tahadhari na zile feni za kutia maji zinazouzwa kama mbadala wa kiyoyozi. Zinafanya kazi kwa kukausha maji hewani, na hilo linafaa pakavu kama Garissa au Wajir. Hapa kwetu hewa tayari imeshiba unyevu. Utaongeza fukuto na kupoteza pesa.

Punguza pia joto linalozaliwa ndani. Balbu ya zamani ya wati 60 hugeuza karibu stima yake yote kuwa joto. Ya LED ya wati 9 inatoa mwanga kama huo. Friji isibanwe ukutani, na mpira wa mlango ukilegea ubadilishwe. Sambusa na viazi vya futari vikaangwe uani ikiwezekana, au mapema, si saa kumi na moja ndani ya chumba ambacho watu watalala humo.

Mwenye kiyoyozi akiweke nyuzi 26 na feni ikizunguka polepole, si 18. Afunge milango, asafishe vichujio kila mwezi, na akinunua kipya aangalie nyota za matumizi ya stima kwenye kibandiko: zikiwa nyingi, stima inayoliwa ni kidogo.

Nje ya nyumba, mwarobaini au mkungu upande wa magharibi utakulipa kivuli kwa miaka mingi. Na si lazima uwanja wote uwekwe kabro. Zege inarudisha joto dirishani, udongo wenye majani haufanyi hivyo.

Wazee na watoto

Hapa si suala la kustarehe tu. Mzee akilegea, akaumwa kichwa na kutoka jasho jingi, mpeleke penye upepo, umpanguse kwa maji na umnyweshe. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili ukiwaka moto, mmwagie maji na mkimbize hospitali. Usingoje kupambazuke.

Kwa wenye nyumba nina neno moja. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na sisi wenye ujuzi wa kujenga kwa ajili ya joto ndio tunaoishi ndani ya matanuri. Debe la rangi nyeupe na vitundu vinne vya hewa ni gharama ya mara moja. Tokeni ya mpangaji ni ya kila mwezi, na mpangaji aliyelala vizuri ndiye anayekaa. Kaeni nao kabla maleleji hayajafika, mpange pamoja nani atoe rangi na nani atoe fundi.