Tundu Dogo au Tumbo Wazi?

Wadau, leo naomba tuzungumze kisu. Kisu cha hospitali.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Mtaani tukisema "kansa ya kizazi" tunachanganya magonjwa mawili: saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayosikika zaidi kwetu, na saratani ya mfuko wa uzazi wenyewe, inayoanzia kwenye ukuta wake wa ndani na mara nyingi hujitokeza kwa damu baada ya mwanamke kukoma hedhi. Nazungumzia hii ya pili, ikiwa bado changa. Tiba yake kuu ni kuutoa mfuko. Swali ni kuutoa vipi.

Mwaka 1980, mjini Kiel, Ujerumani, daktari wa wanawake Kurt Semm alitoa kidole tumbo kupitia matundu madogo, bila kufungua tumbo. Mnadhani alipigiwa makofi? Wapo wakubwa wa fani waliotaka asimamishwe kazi, na kabla ya hapo wenzake walikuwa wamemtaka akapimwe ubongo! Mwaka 1988 Mmarekani Harry Reich akatumia njia hiyo kuondoa mfuko wa uzazi. Kidonda kidogo, nyumbani mapema, nani asiyetaka?

Lakini saratani si kidole tumbo. Tumbo linajazwa gesi na vyuma vinapita kwenye matundu. Je, kama chembe za ugonjwa zinatawanyika humo ndani? Mgonjwa anapona haraka, halafu ugonjwa unarudi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo.

Basi Wamarekani wakaamua kupima. Kuanzia 1996 hadi 2005 waliandikisha wanawake 2,616, na kila mmoja akapangiwa njia kwa bahati nasibu. Haikuwa kazi rahisi. Katika kundi la matundu, karibu mmoja kati ya wanne ilibidi afunguliwe tumbo hata hivyo, mara nyingi kwa sababu daktari hakuweza kuona vizuri. Operesheni nayo ilichukua muda mrefu zaidi. Ila majibu ya 2009 yalionyesha kwamba matatizo ya wastani na makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 14 wa kundi la matundu, dhidi ya 21 wa tumbo wazi.

Na ile hofu yenyewe? Majibu yake yalitoka 2012. Ndani ya miaka mitatu ugonjwa uliwarudia asilimia 11.4 upande wa matundu na 10.2 upande wa pili, tofauti ndogo. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai ni asilimia 89.8. Kundi gani? Yote mawili! Jaribio jingine lililoongozwa kutoka Australia, wanawake 760, likaja 2017 na majibu ya aina hiyo hiyo.

Sasa hapa ndipo maneno yetu ya mtaani yanapoweza kumponza mtu. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari wengi walikuwa wameshahamia kwenye matundu kwa kutegemea kumbukumbu za mafaili ya hospitali. Jaribio la kweli lilipotoa majibu mwaka 2018, kwa wanawake 631 wenye ugonjwa mchanga, lilishtua wengi. Miaka minne na nusu baadaye, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 96.5 kwa tumbo wazi, na 86 tu kwa matundu. Wapo wanaoshuku gesi, wapo wanaoshuku kile chombo kinachoingizwa ukeni kuusogeza mfuko wakati wa operesheni. Ubishi haujaisha.

Kwa hiyo mama au shangazi akirudi kutoka kliniki na kusema ameambiwa ana kansa ya kizazi, muulize kabla hamjazungumzia matundu: ya mfuko au ya mlango?