Kushuka Daraja

Msomaji, mwezi wa Mei mwaka wa 2025 ulipokuwa ukingoni, wanafunzi wangu hapa Bofu waliingia darasani asubuhi na habari iliyowasikitisha. Klabu ya Reims ya Ufaransa, ambamo alikuwamo Mkenya mwenzetu Joseph Okumu, beki wa Harambee Stars, ilikuwa imeshuka daraja usiku uliopita. Katika muda wa siku tano tu klabu hiyo ilipatwa na mawili. Tarehe 24 ilicheza fainali ya Kombe la Ufaransa na Paris Saint-Germain, ikafungwa mabao matatu kwa bila. Tarehe 29 ikakutana na Metz katika mkondo wa pili wa mchezo wa kugombea nafasi katika daraja la kwanza. Mkondo wa kwanza walikuwa wametoka sare, bao moja kwa moja. Mara hii, Reims ikiwa nyumbani kwake mbele ya watu wake, Metz ilishinda mabao matatu kwa moja katika muda wa nyongeza.

Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, timu ile itavunjwa lini?"

Tazama swali lake vizuri. Hakuuliza kama timu itavunjwa. Aliuliza itavunjwa lini. Wenzake hawakumcheka, wala mimi sikumcheka, maana nalijua swali lile lilitoka wapi. Miaka michache iliyopita palikuwa na timu hapa mtaani kwetu, ambayo jina lake nitalihifadhi. Ilishuka daraja katika ligi yake, na kabla ya mwezi kwisha haikuwako tena. Jezi zilikuwa nyumbani kwa mtu mmoja, mpira kwa mtu wa pili, na daftari la fedha halikuwa kwa yeyote. Wachezaji hodari walichukuliwa na timu nyingine. Wadogo waliacha kuja uwanjani. Kwa kijana yule, kushuka na kufa vilikuwa neno moja.

Katika insha hii nataka kukuonyesha kwamba si neno moja. Klabu haifi kwa kushuka daraja. Klabu hufa kwa sababu ya mambo iliyoyaacha yaharibike ilipokuwa bado iko juu. Kwa ushahidi nitakupeleka Ufaransa kwanza, kisha nitakurudisha Mombasa.

Ligi ya wachezaji wa kulipwa ilianza Ufaransa mwaka wa 1932, na daraja la pili likafuata mwaka wa 1933. Madaraja haya mawili ni kama vidato viwili vya ngazi moja. Kila mwisho wa msimu klabu mbili za mwisho katika daraja la kwanza huteremka, na ile iliyo ya tatu kutoka mwisho hupambana na klabu iliyotoka chini kuamua nani abaki na nani apande. Huo ndio mchezo uliowashinda Reims. Siku hizi kila daraja lina klabu 18, kwa hiyo msimu mmoja ni safari ya michezo 34, kuanzia mwezi wa Agosti hadi mwezi wa Mei.

Usidhani kwamba safari hiyo ni ya wanyonge peke yao. Katika msimu wa 2025 hadi 2026 walikuwamo Saint-Étienne, waliokwisha kuwa mabingwa wa Ufaransa mara 10. Reims, mabingwa mara 6. Na Montpellier, mabingwa wa mwaka wa 2012. Waliwakuta huko Guingamp, klabu ya mji mdogo wenye watu wapatao 7,000. Lakini mji huo mdogo si wa kudharauliwa, maana mwaka wa 2009 Guingamp ilitwaa Kombe la Ufaransa ikiwa yenyewe imo katika daraja la pili. Daraja la pili, basi, ni mahali ambapo mkubwa hujifunza adabu na mdogo hujifunza ushujaa.

Sasa tuitazame Reims yenyewe. Zamani klabu hii ilikuwa fahari ya Ufaransa. Kati ya mwaka wa 1949 na mwaka wa 1962 ilitwaa ubingwa wa nchi mara sita. Kombe la Ulaya lilipoanzishwa, Reims ilifika fainali ya kwanza kabisa, mwaka wa 1956 mjini Paris, ikafungwa na Real Madrid mabao manne kwa matatu. Mwaka wa 1959 ilifika tena, na Real Madrid ikaishinda tena. Ndiyo klabu ya Raymond Kopa, na ya Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech katika Moroko, ambaye mwaka wa 1958 alifunga mabao 13 katika Kombe la Dunia moja. Hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika shindano moja.

Nani angefikiri kwamba klabu kama hiyo itaanguka? Lakini maji yakijaa hupwa. Mwaka wa 1964, miaka miwili tu baada ya ubingwa wake wa sita, Reims ilishuka daraja la pili. Kopa alikuwa amekwisha kuchaguliwa mchezaji bora wa Ulaya, mwaka wa 1958. Hata hivyo hakuondoka. Alibaki na wenzake, akacheza katika daraja la pili, na mwaka wa 1966 Reims ilirudi juu ikiwa bingwa wa daraja hilo. Ikashuka tena mwaka wa 1967, ikapanda tena mwaka wa 1970. Mwaka wa 1979 ilishuka mara ya tatu.

Mpaka hapo, msomaji, hakuna aliyekufa. Timu ilishuka, ikapanda, ikashuka. Maafa yenyewe yalikuja baadaye, na hayakuletwa na mpira. Mwaka wa 1991 Reims iliteremshwa kwa sababu ya madeni, na mwaka uliofuata ikafilisiwa. Klabu iliyosimama mbele ya Real Madrid katika fainali mbili ilishindwa na daftari lake lenyewe. Walioipenda waliianzisha upya katika madaraja ya chini. Safari ya kurudi daraja la kwanza iliisha mwaka wa 2012, miaka 33 tangu waliposhuka mwaka wa 1979. Mtoto aliyezaliwa siku waliposhuka alikuwa mtu mzima waliporudi.

Sasa linganisha na yaliyofuata. Mwaka wa 2016 Reims ilishuka kwa mara nyingine. Safari hii hapakuwa na kufilisiwa wala kuanza upya. Katika msimu wa 2017 hadi 2018 ilishinda michezo 28 kati ya 38, ikakusanya pointi 88, ikawa bingwa wa daraja la pili na kurudi juu. Klabu ni ileile na anguko ni lilelile, lakini mara moja ilichukua miaka 33 kuinuka na mara nyingine ilichukua miaka miwili. Daraja halikubadilika. Kilichobadilika ni hali ya nyumba iliyoanguka.

Ukitaka ushahidi wa pili, upo karibu. Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa mwaka wa 2009, walishuka daraja la pili mwaka wa 2022. Huko hawakushindwa vibaya uwanjani. Walishindwa kuonyesha fedha za kuendesha klabu yao. Mwaka wa 2024 waliacha cheo chao cha klabu ya kulipwa na kuanza upya katika daraja la nne.

Turudi nyumbani sasa, tuvuke kivuko cha Likoni pamoja. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu klabu gani ya Mombasa imepata kuwa bingwa wa Kenya. Kimya. Nikawatajia jina, Feisal, nikauliza ni nani aliyepata kulisikia. Hakuna mkono ulioinuka.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, mwaka wa uhuru. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars, wa pili Luo Union, na wa tatu, mwaka wa 1965, alikuwa Feisal ya Mombasa. Wakati huo Gor Mahia ilikuwa haijazaliwa; ilizaliwa mwaka wa 1968. Tangu siku hiyo hadi mwaka wa 2025, miaka 60 kamili, hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyotwaa ubingwa huo. Na Feisal yenyewe imebaki jina katika orodha ya mabingwa. Watu wa Reims walipopoteza klabu yao waliokota jina na kulibeba mpaka likarudi daraja la kwanza. Sisi hatukulibeba jina letu hata kufika darasani.

Nisikuvunje moyo, maana Mombasa ina mfano wa kupanda pia. Bandari, klabu ya wafanyakazi wa bandari yetu, ilikuwa katika daraja la chini kabla ya kupanda ligi kuu mwaka wa 2013. Mwaka wa 2018 ikawa ya pili katika nchi nzima. Msimu uliofuata ikawa ya pili tena, na mwezi wa Juni mwaka wa 2019 ikatwaa kombe la taifa kwa kuifunga Kariobangi Sharks mabao matatu kwa moja. Ikaiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikazitoa klabu ya Sudan na klabu ya Tunisia kabla ya kuzuiwa na Horoya ya Guinea.

Mtu aweza kusema, "Bandari ina shirika kubwa nyuma yake, sisi wa mtaani tuna nini?" Ni kweli kwamba fedha ni msaada mkubwa. Lakini Sony Sugar nayo ilikuwa na kiwanda cha sukari nyuma yake. Ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019, fedha zilipokauka, ilishindwa kufika uwanjani kwa michezo mitatu, ikafukuzwa katika ligi. Basi kutegemea mfuko mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, ni sawa na kufunga chombo kwa kamba moja. Kamba ikikatika, chombo huenda na maji.

Wazee wa Pwani walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini msemo huo una sharti ndani yake. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika huendelea na kazi kwa sababu bado anayo nyundo, bado anao moto, na bado yupo mwanafunzi anayevukuta. Klabu nayo, ikipoteza daraja, yapasa kuwa imebakiwa na vitu vitatu: hesabu zilizo wazi kwa kila mwanachama, vijana wadogo wanaofundishwa, na watu wanaokumbuka walikotoka. Klabu yenye vitatu hivyo ikishuka, imeshuka tu. Klabu isiyo navyo ilikwisha kufa zamani, na kushuka ni siku ya kutangaza msiba.

Nilimjibu kijana wangu hivyo, ingawa kwa maneno machache zaidi. Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali la pili, lililo bora kuliko la kwanza: "Na timu yetu sisi, daftari liko kwa nani?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunalo. Timu ya shule ina daftari moja la jalada gumu. Limo kabatini darasani, na kila mchezaji ana ruhusa ya kulifungua. Upande mmoja zimeandikwa senti zilizoingia na zilizotoka. Upande wa pili yameandikwa majina ya waliocheza kila mchezo na mabao yaliyofungwa, yetu na ya wenzetu. Ukurasa wa kwanza una matokeo ya kushindwa, mabao manne kwa moja. Vijana walitaka kuuchana. Niliwakataza, nao sasa wamekubali.

Nawe, msomaji, popote ulipo, kama umo katika timu yoyote, uliza leo daftari liko wapi. Usingoje mpaka mshuke.