Zepelini iliyotumwa Umakondeni

Hebu fikiria chombo chenye urefu wa mita 226, yaani viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa na bado kinabaki, kikielea polepole juu ya uwanda wa Makonde mwaka 1917. Ndivyo Wajerumani walivyopanga. Hakikufika, lakini nusu ya njia kiliimaliza.

Kiliitwa L59. Tatizo lililokizaa lilikuwa rahisi kulieleza: jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa kusini mwa Tanzania ya leo, Waingereza wameziba bahari, na risasi na dawa zilikuwa zinaisha. Kama bahari imefungwa, pita angani. Ndege za wakati ule zisingeweza safari hiyo hata kidogo. Zepelini iliweza.

Kwa nini? Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.2, wakati ya haidrojeni haifiki hata gramu 100. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya haidrojeni inabeba kama kilo 1.1. L59 ilikuwa na mita za ujazo 68,500. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya tani 75, ukijumlisha chombo chenyewe, mafuta, watu na mzigo.

Sasa hapa ndipo ninapowavulia kofia wahandisi wale, hata kama siipendi kazi waliyotumwa. Huku hakukuwa na haidrojeni ya kujazia upya, kwa hiyo safari ilikuwa ya kwenda tu. Basi wakaunda chombo cha kuchinjwa kama ng'ombe, kisitupwe kitu. Kitambaa cha nje kingekuwa mahema, vitambaa vya ndani bandeji, fremu za duralumini mlingoti wa redio, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupita ingeshonwa viatu. Ndani kulikuwa na tani 15 za mzigo: bunduki za rashasha 30 (zile wazee waliziita bombomu), risasi zaidi ya 300,000, magunia 61 ya dawa na bandeji.

Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, nahodha akiwa Ludwig Bockholt. Ikavuka Uturuki, kisha Mediterania, kisha ikaingia jangwani Misri. Jangwa ndilo lililoitesa. Mchana jua linapasha gesi, gesi inatanuka, nyingine inabidi iachiwe itoke. Usiku baridi inakuja, gesi iliyobaki inasinyaa, chombo kinaanza kuzama. Usiku mmoja nusura kigonge ardhi. Tena gia za injini ya mbele zilivunjika, na injini hiyo ndiyo iliyoipa umeme mitambo ya kurushia redio. Kuanzia hapo waliweza kusikia lakini hawakuweza kujibu.

Walichosikia, wakiwa magharibi ya Khartoum tarehe 23, ni amri ya kurudi: adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde. Kuna simulizi maarufu kwamba ujumbe ule ulikuwa ujanja wa Waingereza. Mimi sioni haja ya ujanja, kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ya kweli. L59 ilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 angani na kilomita karibu 6,800, na siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Hata kama ingefika, ingemshushia nani?

Aprili 1918 iliwaka moto angani karibu na mlango-bahari wa Otranto, na wote waliokuwemo wakafa.

Wakati huohuo, je, mizigo ya vita hivi ilisafirije? Kwa vichwa na mabega ya watu. Chukua zile tani 15 uzigawe kwa kilo 25, mzigo wa mpagazi mmoja: unapata wapagazi 600. Lakini mpagazi anakula. Tuseme kilo moja kwa siku. Akibeba kilo 25 za unga, baada ya siku 25 ameumaliza mwenyewe na hajafikisha hata kijiko. Kwa hiyo unahitaji wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, na hao nao wanataka kula. Ni hesabu ileile inayowasumbua wanaounda roketi, ambazo zinachoma mafuta mengi ili kubeba mafuta. Tofauti ni kwamba hapa jeshi lilipokosea hesabu, liliokoa risasi na kupunguza unga.

Takwimu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria wengi wanaona idadi halisi inakaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu, nimonia na malaria. Upande wa Wajerumani hata hesabu haikuwekwa vizuri. Za L59 tunazo mpaka idadi ya magunia ya bandeji.

Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta chaja ya kompyuta, nikabishana bei na kijana mmoja aliyebeba maboksi matatu kichwani. Jina la mtaa ule limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi yake pale. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo.