Mfongo na Mto: Habari za Maji ya Pangani

Mto Pangani ni mwana wa milima miwili. Maji ya Meru na ya ubavu wa kusini wa Kilimanjaro hushuka kwa mto Kikuletwa. Yale ya upande wa mashariki, pamoja na ya ziwa Jipe lililo mpakani mwa Kenya, hushuka kwa mto Ruvu. Mito hiyo hukutana penye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani hupita katika nyika ya Wamasai na Wapare, ikaacha milima ya Usambara upande wa kushoto, hata kufika Bahari ya Hindi katika mji uitwao kwa jina lake. Wanaokunywa mto mmoja huu ni watu wa lugha nyingi na kazi nyingi, na wengi wao hawajaonana uso kwa uso.

Kabla ya kuja kwa serikali za kigeni, Wachaga walikuwa na elimu yao ya maji. Walichimba mifereji, ndiyo mifongo, iliyopokea maji juu makorongoni na kuyapeleka mwendo mrefu mpaka kwenye vihamba vya migomba. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 walistaajabu kuikuta kazi hiyo imekwisha komaa. Ukoo wa aliyeuchimba mfongo ndio uliousimamia. Maji yaligawanywa kwa zamu, na siku ya kuuzibua mfongo kila mwenye zamu alipaswa kutoka na jembe lake. Asiyetoka alitozwa faini. Basi haki ya maji ilizaliwa na jasho, na aliyeidai haki hiyo alijulikana kwa jasho lake.

Hata hivyo, si insafu kuusifu utaratibu ule kupita kiasi. Wanawake, ambao ndio wachotao maji, hawakuwa na kauli katika baraza la mfongo. Tena baraza lenyewe halikuona mbali kuliko mfereji wake: Mpare wa nyikani na mkulima wa pwani hawakuwa na kiti humo. Watu walipokuwa wachache na maji mengi, upungufu huo haukumwumiza mtu.

Karne ya 20 iliufichua. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, na katika miaka iyo hiyo likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo likijaa huweza kushika mita za ujazo zaidi ya bilioni moja. Mwaka 1995 kikaongezwa kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani. Sheria ya mwaka 1974 iliyafanya maji yote kuwa mali ya taifa na kumtaka mtumiaji awe na hati; na mwaka 1991 likaundwa baraza la serikali la kulisimamia bonde zima la Pangani. Serikali iliutazama mto wote, jambo ambalo mfongo haukuweza. Lakini mkulima wa mlimani alishangaa kuambiwa ayalipie maji ya mfereji uliochimbwa na babu yake. Mmoja alishika karatasi, wa pili akashika jembe, na kila mmoja akajiona ndiye mwenye haki.

Mfano wa mradi wa mpunga wa Moshi ya Chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ni wa kukumbukwa. Mpunga ulistawi vizuri hata wakulima wa juu ya mradi wakaiga, wakageuza maji ya mto Rau kwenye majaruba yao, na sehemu kubwa ya mashamba ya mradi ikakosa maji. Hapakuwa na mwizi katika habari hiyo. Palikosekana baraza la kuwakutanisha wa juu na wa chini.

Siku hizi haja ya baraza hilo imezidi. Barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya sehemu nane katika kumi tangu mwaka 1912. Lakini wataalamu wameonyesha kuwa mito hulishwa zaidi na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, wala si na barafu. Basi mti ukatwao au kuungua ni hasara kubwa kwa mto kuliko theluji iyeyukayo. Na huko mloni, mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda ndani na chumvi yake hudhuru mashamba.

Methali husema, aliye juu mngoje chini. Katika mto, aliye chini akingoja tu, hupata tope. Sheria ya mwaka 2009 imeruhusu vyama vya watumiaji maji na kamati za mabonde, na kwa hiyo mlango umefunguliwa. Kitakachowaingiza watu mlangoni ni hekima ya kale ya mfongo, kwamba anywaye na atoke na jembe, ikipanuliwa mpaka pwani: mwenye mitambo ya umeme, mwenye shamba kubwa, mwenye kihamba, na mwanamke mwenye ndoo, kila mmoja awe na zamu yake ya maji na zamu yake ya kazi.