Reli Mbili za Ugogoni
Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma 1910, Kigoma 1914. Vita ikazuka mwaka huohuo, wakaipoteza nchi, reli ikabaki kwetu hadi leo. Ndiyo maana sikubali gharama ya reli ipimwe kwa miaka mitano.

Ila reli ya hasara nayo tumeiona hapahapa. Waingereza walipoleta mradi wa karanga Kongwa, 1947, walitandika tawi kutoka Msagali. Mvua zikakosekana, udongo ukawa mgumu kama saruji, mradi ukafutwa 1951, na tawi baadaye likang'olewa. Reli ilikuwepo, mzigo ndio haukuwepo.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ilianza safari za Dodoma Julai 2024, treni ya umeme, kilomita 160 kwa saa. Mimi nauza zabibu za Hombolo. Mwenyewe napanda treni, zabibu zinapanda lori la usiku. Kreti za chini zinafika zimepondeka, maji yanachuruzika. Nauli zetu sisi abiria pekee hazitalipa deni la reli hii. Mahindi ya Kibaigwa na mizigo ya Kongo vitalipa, vikipewa mabehewa ya kutosha.